Je, Wajua? Mkaguzi wa Shule Aliyezikagua Serikali 189

Je, wajua kwamba mtu aliyepewa kazi ya kuandaa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, Beijing 1995, aliwahi kuwa mkaguzi wa shule wa Kanda ya Mashariki, Tanzania? Gertrude Ibengwe Mongella tumezoea kumwita Mama Beijing, na tukishamwita hivyo tunaona habari yake imekwisha. Safu ya leo inaanzia pale tunapozoea kuishia. Na kama kuna ubishi ninaouleta mezani ni huu: mama huyu alikuwa mwalimu kwanza, mwanadiplomasia baadaye, na serikali za dunia aliziendesha kama mwalimu anavyoliendesha darasa la watoto watundu wanaodai daftari wamelisahau nyumbani.

Je, wajua alikozaliwa? Ukerewe, tarehe 13 Septemba 1945. Hicho ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Alipofika miaka 12 aliondoka nyumbani kwenda kusoma katika shule ya masista wa Maryknoll. Miaka ya 1950 hiyo, ukoloni ungalipo, na si kila nyumba ingemruhusu binti avuke maji kufuata daftari.

Je, wajua kwamba mwaka uleule wa 1945, kisiwani humohumo, Aniceti Kitereza alikamilisha mswada wa riwaya yake aliyoiandika kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka? Ni hadithi ya mume na mke waliokosa mtoto, huku ndugu na majirani wakiwa na la kusema. Kitereza aliigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Nimeitaja kwa sababu wapo wanaoamini kwamba heshima ya mke ndani ya ndoa ni jambo lililoshuka na ndege kutoka China. Wakerewe walikuwa nalo kwenye karatasi kabla Mongella hajatambaa.

Je, wajua kwamba yeye ni wa kizazi cha mwisho cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki? Alihitimu shahada yenye somo la elimu katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam mwaka 1970, mwaka ambao chuo hicho cha pamoja kiligawanywa, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kila kimoja kikashika njia yake.

Kazi yake ya kwanza: kufundisha walimu. Tangu 1970 hadi 1975 alikuwa mkufunzi katika Chuo cha Ualimu Dar es Salaam. Halafu akahamia Taasisi ya Elimu kukuza mitaala, na 1978 hadi 1982 akawa mkaguzi wa shule. Itazame miaka hiyo vizuri. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto aingie shule ya msingi, na kufikia 1977 madarasa yalikuwa yamefurika, madawati machache, walimu wengine wenyewe ndio kwanza wametoka shule ya msingi. Mkaguzi wa wakati ule hakwenda shuleni kupiga picha. Alikwenda kutafuta tofauti kati ya kilichoandikwa kwenye ripoti na kilichomo darasani. Ukitaka kujua Beijing ilipikwa wapi, mimi nakuelekeza huko.

Je, wajua kwamba Mongella ameketi katika mabunge ya ngazi tatu? La kwanza ni Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha, aliloingia 1975 akiwa na miaka 30 kasoro kidogo, na akawamo hadi jumuiya ilipovunjika 1977. La pili ni Bunge la Tanzania. La tatu ni Bunge la Afrika. Wanasiasa wetu wengi hulitafuta moja tu maisha yao yote na hawalipati.

Je, wajua kwamba alipoingia serikalini hakuwa mwanamke wa kwanza kupita mlango huo? Mwalimu Nyerere aliwateua Tabitha Siwale na Julie Manning kuwa mawaziri mwaka 1975, mmoja Ardhi, mwingine Sheria. Mongella aliingia 1982 kama Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu, akishughulikia masuala ya wanawake. Baadaye akashika Ardhi, Maliasili na Utalii, kisha akawa Waziri asiye na Wizara Maalumu, Ofisi ya Rais. Cheo hicho cha mwisho watu hukicheka. Lakini waziri asiye na wizara hana hata jengo la kujificha ndani yake: anaishi kwa kushawishi wenzake tu. Kwa mtu anayekwenda kwenye diplomasia, sijui mafunzo gani mengine yangemfaa zaidi.

Je, wajua kwamba mkutano wa tatu wa dunia wa wanawake ulifanyika hapahapa Afrika Mashariki? Nairobi, katika jumba la KICC, Julai 1985. Mwenyekiti wake alikuwa Margaret Kenyatta, binti wa Mzee Jomo na meya wa zamani wa jiji hilo. Mongella alikuwa miongoni mwa makamu wenyeviti. Nairobi ina sifa moja ambayo husahaulika. Katika mikutano miwili iliyotangulia, Mexico City 1975 na Copenhagen 1980, kulikuwa na nyaraka zilizopigiwa kura na Marekani ikazikataa. Nairobi nako mambo yalielekea kuvunjika saa za mwisho, mataifa yakivutana juu ya kuutaja Uzayuni miongoni mwa maovu, mpaka Kenya ilipoleta maneno mbadala yaliyotaja ubaguzi wa rangi wa kila aina. Waraka ukapita bila kura. Wajumbe waliokuwamo ukumbini waliona kwa macho yao kwamba nchi ndogo yenye kalamu inaweza kuokoa kikao ambacho wakubwa wanakiua. Na Tanzania? Iliridhia mkataba wa CEDAW, ule wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, tarehe 20 Agosti 1985, wiki chache tu baada ya Nairobi.

Kabla hatujafika China: je, wajua majina ya makatibu wakuu wa mikutano yote minne? Helvi Sipilä wa Finland kule Mexico City. Lucille Mair wa Jamaica, Copenhagen. Leticia Shahani wa Ufilipino, Nairobi. Gertrude Mongella wa Tanzania, Beijing. Hakuna hata mmoja aliyetoka katika taifa lenye kura ya turufu.

Je, wajua kwamba alikuwa balozi wa Tanzania nchini India, 1991 hadi 1992, kabla Umoja wa Mataifa haujamchukua? Delhi hakukaa sana. Boutros Boutros-Ghali, Katibu Mkuu wa wakati ule na Mwafrika mwenzake kutoka Misri, alimpa cheo cha Msaidizi wa Katibu Mkuu na mkutano wote mabegani.

Waafrika waliowatangulia wanadiplomasia wa rika la Mongella nao wasisahaulike. Angie Brooks wa Liberia aliongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1969, mwanamke wa kwanza wa Afrika kukikalia kiti kile. Jeanne Martin Cissé wa Guinea aliongoza Baraza la Usalama Novemba 1972, na kabla yake hakuna mwanamke wa bara lolote aliyewahi kuliongoza. Cissé tuna undugu naye: alikuwa katibu mkuu wa umoja wa wanawake wa Afrika, ule uliotokana na mkutano wa Dar es Salaam wa Julai 1962. Ndiyo maana Siku ya Wanawake wa Afrika ni 31 Julai.

Sasa Beijing.

Je, wajua jinsi waraka wa Umoja wa Mataifa unavyotengenezwa? Rasimu inaletwa, kila nchi inaisoma, na sentensi ambayo yeyote haitaki inafungiwa ndani ya mabano. Mabano yakiondolewa, maana yake wote wamekubali. Rasimu ya Beijing ilipotoka kwenye vikao vya maandalizi New York, mapema 1995, mabano yalikuwa yameota kila ukurasa. Hata neno jinsia lenyewe lilifungiwa, baadhi ya nchi zikihofu kwamba limeficha kitu. Ikaundwa kamati ndogo ya kulitatua, na aliyeiongoza alikuwa mwanadiplomasia wa Namibia, Selma Ashipala. Kamati ikaamua kwamba neno litumike kama lilivyokuwa likitumika siku zote. Unaweza kucheka. Lakini bila uamuzi huo wa kiutu uzima wajumbe wangefika China wakaanza kugombana kuanzia kichwa cha habari.

Mkutano wenyewe ulianza tarehe 4 Septemba 1995, ukamalizika tarehe 15. Serikali 189. Washiriki wapatao 17,000, na kati yao wajumbe wa serikali 6,000. Pembeni yake kulikuwa na jukwaa la asasi za kiraia lenye watu wapatao 30,000, ambalo China ililihamishia Huairou, mji mdogo ulio zaidi ya kilomita 50 kutoka katikati ya Beijing. Mvua ikanyesha, mahema yakavuja, wanawake wakatembea kwenye tope na viatu vya mikutano. Serikali mwenyeji ilisema uwanja wa mjini haukufaa. Wengi waliamini sababu ilikuwa nyingine.

Uvumi nao haukukosa kazi. Ilisimuliwa mjini Beijing kwamba wageni hao wangeandamana uchi, na madereva wa teksi wakaambiwa watembee na mashuka ya kuwafunika. Hakuna aliyevua nguo. Mashuka sijui yaliishia wapi.

Je, wajua kwamba ujumbe wa Vatican katika mkutano huo uliongozwa na mwanamke? Mary Ann Glendon, profesa wa sheria kutoka Marekani. Vatican ilikuwa miongoni mwa walioweka pingamizi juu ya sehemu za waraka, hasa zinazohusu uzazi. Baadhi ya nchi za Kiislamu nazo ziliweka yao. Wakatoliki na Waislamu wakajikuta upande mmoja wa meza, jambo ambalo wanadiplomasia wachache hulipata bila kulipanga.

Je, wajua kwamba Mongella alitimiza miaka 50 mkutanoni? Siku yake ya kuzaliwa, 13 Septemba, iliangukia siku mbili kabla ya kufunga, wakati mabano ya mwisho yalikuwa bado yanapiganiwa usiku.

Kilichopatikana: Azimio la Beijing, na Mpango wa Utekelezaji wenye aya 361 uliogawanywa katika maeneo 12. Umaskini, elimu, afya, ukatili, vita, uchumi, madaraka, vyombo vya kusimamia, haki za binadamu, habari, mazingira, na mtoto wa kike. Hilo la mwisho ndilo la kutia alama kwa wino. Mtoto wa kike kuwa na eneo lake peke yake ni hoja iliyobebwa na Afrika. Ilikuwa kwenye msimamo wa bara uliopitishwa Dakar, Novemba 1994. Wenzetu wa mabara mengine walitaka habari za wasichana zisambazwe humo ndani ya elimu na afya. Waafrika wakashikilia kwamba jambo lisilo na ukurasa wake halina mtu wa kuulizwa. Ndivyo mkaguzi anavyofikiri, ingawa hoja haikuwa yake peke yake.

Katika kufunga, Mongella aliwaambia wajumbe kwamba mapinduzi yameanza na hakuna kurudi nyuma, na kwamba ahadi walizoweka hazitafumuliwa. Hotuba iliyonukuliwa zaidi duniani kutoka mkutano ule ni ya Hillary Clinton, ambaye alikuwa mgeni wa siku chache. Ya mwenye shughuli hukumbukwa kidogo. Nalalamika, ndiyo.

Je, wajua kwamba aliporudi nyumbani jina la Beijing lilikuwa limefika kabla yake, tena limegeuzwa kejeli? Mke akiuliza mshahara umekwenda wapi, anaambiwa asilete mambo ya Beijing. Binti akikataa posa, ni Beijing hiyo. Kenya na Tanzania kote mzaha huo ulivuma, kwenye daladala na matatu, misibani na harusini. Wanaume waliocheka hawakujua kwamba walikuwa wanautangaza mkutano bure, mpaka vijijini ambako gazeti halifiki.

Sheria hazikucheka. Serikali ya Tanzania ilichagua maeneo manne ya kuanzia kati ya yale 12: uwezo wa kisheria, uchumi, siasa na uamuzi, elimu na ajira. Mwaka 1998 ikaja sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo pia ilifanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa jinai. Mwaka 1999 zikaja sheria mbili za ardhi, Na. 4 na Na. 5, zilizotamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Je, wajua kwamba sheria ya ardhi ya vijiji inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake? Nenda kijijini kwenu uhesabu. Sheria ya ndoa ya 1971, kwa upande wake, ilibaki ikimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na Mahakama ya Rufani ilipolitolea uamuzi mwaka 2019 ilikubali kwamba kipengele hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mambo mengine huchukua kizazi.

Majirani nao. Rwanda, baada ya uchaguzi wa 2008, ilikuwa na Bunge la kwanza duniani lenye wanawake wengi kuliko wanaume: 45 kati ya wabunge 80. Bara zima likapata Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake, iliyopitishwa tarehe 11 Julai 2003 na kuanza kutumika Novemba 2005.

Je, wajua kwamba mwaka 2000 Mongella alirudi Ukerewe kuomba kura? Si viti maalumu. Jimbo, na wapiga kura wa kweli, na mitumbwi, na maswali ya bei ya samaki. Akashinda kwa tiketi ya CCM. Kuna wanadiplomasia ambao wakishazoea New York hawawezi tena kukaa kwenye benchi la shule ya msingi kusikiliza malalamiko ya kisima. Mwaka 2010 jimbo lilichukuliwa na Salvatory Machemli wa CHADEMA. Ndiyo kura.

Kuna jambo ambalo simtetei Mongella. Machi 2002 aliongoza waangalizi wa OAU katika uchaguzi wa rais wa Zimbabwe. Ujumbe huo ulisema kwa ujumla uchaguzi ulikuwa huru na wa haki. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola, wakiongozwa na Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, walisema mazingira hayakuwaruhusu wapiga kura kueleza utashi wao kwa uhuru. Jicho lililozoea kutafuta tofauti ya ripoti na darasa, safari hiyo naona lilisoma ripoti tu.

Je, wajua kwamba Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika alikuwa yeye? Bunge hilo lilizinduliwa Addis Ababa tarehe 18 Machi 2004, likiwa na wabunge 202 kutoka nchi 41, wakamchagua. Baadaye mwaka huohuo likahamia Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria. Kila nchi hupeleka wabunge watano, na angalau mmoja lazima awe mwanamke. Mmoja kati ya watano! Baada ya Beijing yote ile. Ila ukilinganisha na mabunge mengi ya nchi zilizowatuma, hata huyo mmoja alikuwa ameshinda wastani.

Mwaka huohuo wa 2004, Julai, Joaquim Chissano wa Msumbiji alihutubia kikao cha wakuu wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, wakalimani wakatazamana. Kwenye Bunge la Afrika Kiswahili nacho ni lugha ya vikao.

Bunge aliloliongoza Mongella lilikuwa na meno gani? Ya kushauri. Haliwezi kutunga sheria ya bara, haliwezi kuzuia bajeti ya nchi yoyote. Mongella alitumia miaka mitano kudai mamlaka zaidi huku akifanya yale yanayowezekana bila mamlaka, kama kutuma wabunge Darfur wakaone wenyewe kinachotokea. Ukaguzi tena. Itifaki ya Malabo ya 2014, ambayo ingelipa Bunge hilo nguvu zaidi, miaka mingi baadaye bado ilikuwa inasaka nchi za kutosha kuiridhia.

Je, wajua kwamba tangu 1995 hakujafanyika mkutano wa tano? Kila miaka mitano serikali hukutana kutathmini zilipofikia, Beijing+5, +10, hadi +30 mwaka 2025, lakini mkutano mkubwa wenye waraka mpya hakuna anayeuitisha. Sababu ninayoisikia zaidi ni kwamba wanaharakati wenyewe wanaogopa: wakiifungua ile rasimu upya, mabano yatarudi, na huenda watoke ukumbini na kidogo kuliko walichoingia nacho. Yaani aya 361 za mwalimu wa Ukerewe zimekuwa mali ya kulinda.

La mwisho, kwa wapenda takwimu. Waliomfuata Mongella kwenye kiti cha Bunge la Afrika ni Idriss Ndele Moussa wa Chad mwaka 2009, Bethel Amadi wa Nigeria, Roger Nkodo Dang wa Kamerun, kisha Fortune Charumbira wa Zimbabwe. Wanaume wote wanne.